Wishwa na Chenga Waende Pamoja

Lumemo, Ifakara
Jumamosi jioni

Mwanangu Skola,

Umekwenda kanisani kuwaaga wanakwaya wenzako, na kwa ninavyowajua wale watu, hamtaachana kabla hamjaimba nyimbo zote za Pasaka hata kama Pasaka ilishapita. Basi nina muda. Nimekaa mlangoni kwenye kigoda chako. Begi lako liko nyuma yangu limefungwa kamba, Wishwa amelala juu ya begi, na Chenga amelala juu ya Wishwa. Kesho asubuhi utapanda treni kwenda Makambako kuanza kazi ya ualimu, na mimi nimeshindwa kukuambia kwa mdomo jambo hili ninalokuandikia. Wiki nzima kila nikifungua kinywa natoka na habari za kamba ya begi.

Sitakuandikia habari za jiko la mkaa na kulala umefunga madirisha kwa sababu ya baridi ya huko. Sitakuandikia habari za kufunga mlango mapema, wala za vijana wenye pikipiki, wala za dawa ya Chenga, ambayo unaijua kuliko mimi. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyamalizia kabla yangu. Nina neno moja tu. Jumapili iliyopita uliponiambia utamchukua Chenga na kuniachia Wishwa, nikajibu, "Sawa, mama." Si sawa. Tangu siku ile nina hofu inayoniamsha kabla ya jogoo.

Ulisema, "Baba, mwenye nyumba anataka paka mmoja tu. Halafu na wewe hutabaki peke yako." Ulikuwa unaangalia pembeni uliposema hivyo, nikajua umelipanga jambo hilo muda mrefu na limekuuma. Ndiyo maana niliitikia haraka. Mimi ni mwepesi sana wa kuitikia nikiogopa.

Unakumbuka tulivyowapata. Ulikuwa msimu wa mavuno, magunia ya mpunga yamepangwa mpaka barabarani, na mashine yangu ya kukoboa haipumziki. Mama yao alikuwa paka wa pale mashineni. Alikula panya aliyekula sumu, tukamkuta amekufa nyuma ya magunia. Watoto wake walikuwa ndani ya lundo la pumba, wamebaki wawili, wana vumbi mpaka kwenye masharubu. Mmoja alikuwa mzima kwa kumtazama. Mwingine macho yote mawili yalikuwa yameziba kwa usaha.

Wateja wakasema, "Baba Skola, hao kawatupe tu. Paka haoni, atakamata panya gani?" Nilikubaliana nao, usije ukanidhania wema. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta boksi. Ndipo ukafika na chakula changu cha mchana, ukaweka bakuli chini na kupiga magoti kwenye vumbi na sketi yako ya shule.

"Kama unataka, chukua huyu mwenye macho," nikakuambia. "Yule mwingine hafiki kesho."

"Huyu haendi popote bila yule, baba. Hebu angalia."

Ukamwinua yule mzima, ukamweka kando, mbele ya maziwa. Hakuyagusa maziwa. Alirudi akiyumbayumba mpaka kwa dada yake, akamlalia shingoni. Ukawafunga wote wawili kwenye kanga moja na ukawapa majina palepale, Wishwa na Chenga, kwa sababu, ulisema, hivyo ndivyo vinavyobaki watu wakishachukua mchele wao. Wale wateja walicheka. Mimi nilihesabu midomo tu, sikucheka.

Afisa mifugo, ambaye mkono wake umezoea ng'ombe, alimsafisha Wishwa macho kwa upole ambao sikuutegemea, lakini kuona hakukurudi. Tukazoea. Wewe ulizoea siku ya kwanza, mimi ilinichukua msimu mzima kuacha kusogeza viti asije akagonga kichwa. Chenga alikuwa ndiye fimbo yake. Akienda, anamgusa ubavu kwa mkia, naye anafuata.

Kisha Chenga akaanguka. Ulikuwa unapepeta mchele uani, mimi natia mpini kwenye jembe. Kwanza Wishwa alilia. Haukuwa mlio wa njaa. Ulikuwa mlio mrefu, mbaya, unaotoka tumboni, na hata masikio yangu haya yaliyoliwa na mashine yaliusikia. Tukageuka, tukamwona Chenga amejinyoosha chini, miguu inapiga, povu mdomoni. Yule asiyeona alikuwa amejua kabla yetu sisi wenye macho.

Unajua nilichofanya. Nilishika ufagio. Nilitaka kumsukuma atoke uani kwangu, na ulipokwenda kupiga magoti nilikufokea kwa sauti ambayo hukuwahi kuisikia kutoka kwangu: "Usiguse hilo povu!" Ukaligusa. Ulimwekea kanga chini ya kichwa, ukamfuta mdomo kwa kidole chako, wewe mtoto wangu wa pekee, niliyeachiwa na mama yako nikulee. Kwa siku nyingi baada ya hapo nilikuwa nakuchungulia. Ukiinua kikombe natazama kama mkono unatetemeka. Ukichelewa chooni nakuja kukohoa nje. Ukaniuliza, "Baba, mbona unanitazama kama polisi?" Nikasema nakutazama kwa sababu umenenepa. Ukaninunia, na mimi nikaona heri uninunie kuliko nikueleze.

Sasa nikueleze. Jina la Beno unalisikia kila Novemba tunapowaombea marehemu wetu. Unajua alikuwa mdogo wangu, huko kwetu milimani, upande wa Mahenge. Beno alikuwa na kifafa. Enzi hizo kijijini kwetu watu waliamini ugonjwa unakaa kwenye povu, ukiligusa wewe ndiye unayefuata. Kwa hiyo alikuwa na bakuli lake peke yake, kikombe chake, mkeka wake. Na alikuwa na mimi. Kazi yangu ilikuwa kumfuata kila aendako, na akianguka nipige kelele. Nisimguse, nipige kelele tu, mpaka bibi yetu aje mbio amgeuze ubavu, maana bibi ndiye peke yake hakuliogopa povu. Nilipiga kelele shambani. Nilipiga kelele kanisani padre akiwa katikati ya mahubiri. Nilipiga kelele mtoni, kwenye ngoma, kwenye msiba wa watu. Watoto wenzangu waliniita Kengele, na Beno alikuwa anacheka kuliko wote. Watu wakishalala nilihamia kwenye mkeka wake, kinyume cha amri zote.

Kisha mjomba akaja kunichukua nisome hapa Ifakara. Watu wazima walikaa kikao, wakaona mtoto ana akili, asimalize maisha akimchunga mgonjwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Beno alinisindikiza mpaka mwisho wa mashamba, amebeba kiroba changu kichwani, ananitania kwamba mjini sitakuwa na wa kumpigia kelele. Mvua zilizofuata alianguka kwenye kijito ambacho maji yake hayafiki magotini. Bibi alikuwa anapalilia karibu kabisa. Hakusikia kitu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kupiga kelele.

Tangu hapo, mwanangu, naogopa kimya. Wengine wanaogopa nyoka au viboko wa mtoni, mimi ni kimya. Nadhani ndiyo maana nimekaa na mashine maisha yangu yote na sikuwahi kulalamika juu ya mlio wake.

Ulipokwenda bweni kusoma kidato cha tano ulinikabidhi paka wote wawili. Nilijitahidi. Dawa ya kifafa ya Chenga nilikuwa naificha kwenye dagaa kama ulivyonifundisha. Lakini dawa ilipunguza tu, haikumaliza, na kila Chenga alipoanguka Wishwa alilia, na kila Wishwa alipolia nilimsikia yule mtoto Kengele wa kule milimani. Nilikuwa naziba masikio kwa mito. Sikumchoka Wishwa. Nilikichoka kilio chake. Nikajidanganya kwamba kilio kikiondoka na hofu itaondoka.

Yaliyofuata uliyapata yote kwa Mama Zuhura, muuza samaki wa Kivukoni, kabla hata hujatua begi lako la shule, na hukusema nami mpaka Jumatatu. Ila yeye alikusimulia ya nje.

Nilimtia Wishwa kwenye kiroba, nikapanda bodaboda kwenda Kivukoni. Tulipofika njia panda nikamsimamisha dereva, nikashuka, nikakizungusha kiroba kama tunavyofanya sote tunapomhamisha paka, ili asiijue njia ya kurudi.

Dereva akanitazama. "Mzee, si umesema huyo paka haoni?"

"Haoni."

"Sasa unamzungusha asione nini?"

Nikamwambia aangalie pikipiki yake, mambo ya paka aniachie. Lakini lile swali lilinikaa. Kiroba kilikuwa kimya kabisa mkononi mwangu. Hakukwaruza, hakulia. Nikakizungusha tena.

Mama Zuhura alimpokea kwa mikono miwili. "Hapa vichwa vya samaki hatakosa, baba Skola. Mwache, atanenepa." Nikarudi nyumbani nikijiambia nimemfanyia hisani.

Nyumba ikatulia. Chenga alizunguka akinusa mkeka, akanusa kigoda, akanusa viatu vyangu muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akakaa mlangoni. Alasiri moja nilikuwa nimebandika maharage kwenye jiko la mkaa, nimelipa mgongo, nachokonoa redio. Sikusikia kitu. Nilichopata kwanza ni harufu, harufu ya manyoya yanayoungua. Kugeuka, Chenga ameangukia ubavuni mwa jiko, mguu wa mbele umelala kwenye makaa yaliyomwagika, anapigapiga, na sauti hana. Nilikuwa karibu kabisa, Skola. Karibu kama bibi.

Nilimshika. Nilimshika kwa mikono yote miwili, povu likanishuka mpaka kwenye kiwiko, wala sikuliona. Nilikuwa napiga kelele. Majirani walikuja mbio na ndoo za maji wakidhani nyumba inaungua, wakanikuta mtu mzima nimekaa chini katikati ya maharage, nimemkumbatia paka, naita, "Bibi! Bibi!" Mama Anjela wa jirani akaniuliza bibi gani. Baadaye ndipo nilipoliona povu mkononi. Nilinawa mpaka sabuni ikaisha, kisha nikakaa kungoja nianguke. Ilipofika asubuhi nikiwa bado nimekaa, nikajionea aibu, halafu nikacheka peke yangu, halafu nikalia.

Mvua ilikuwa inanyesha nilipokwenda Kivukoni kumrudisha. Mama Zuhura hakunisalimia hata. "Afadhali umekuja. Huyu hajala. Samaki wote hawa unaowaona, hajala! Mtu akipita anainua kichwa, anasikiliza, anakishusha tena. Baba Skola, wewe ulimwambia unakwenda wapi?" Nilimweka ndani ya koti, na njia nzima nilihisi mapigo ya moyo wake juu ya tumbo langu, yanakwenda mbio kuliko pikipiki. Tulipofika uani alichupa mwenyewe. Aligonga ndoo, akagonga ukuta, akamfikia Chenga na kuanza kumlamba ule mguu uliofungwa kitambaa. Mimi nilitoka nje nikasimama mvuani. Niliona si haki yangu kutazama.

Basi ndiyo hayo. Sasa unataka kuwagawa tena, na najua wewe hufanyi hivyo kwa uoga kama mimi, unafanya kwa huruma. Unanihurumia. Lakini huruma yako itawafikisha palepale ulipowafikisha woga wangu. Chenga atakuwa kwenye chumba Makambako, mlango umefungwa, wewe uko darasani na watoto wa watu. Akianguka, nani atalia? Na Wishwa atakaa hapa kwangu akiinua kichwa kila mtu akipita. Siwezi kumtazama akifanya hivyo. Nakwambia kweli, siwezi.

Usiniulize kuhusu mwenye nyumba. Nimeshampigia simu. Namba nilikuta kwenye karatasi yako pale mezani, na ukiona nimekosea, utanigombeza kwa simu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia, ingawa kwa sauti ni mdogo kwangu.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Baba yake mwalimu Skola, mpangaji wako mpya."

"Ehe, baba yake mwalimu. Kuna tatizo?"

"Paka ni wawili."

Akanyamaza. Nawe unanijua mimi na kimya. Nikaanza kumwaga maneno: macho, povu, kiroba, jiko, hata Beno nikamtaja, sijui alitoka wapi. Nilipoishiwa pumzi yule mama akasema taratibu, "Baba, hapa unaniombea paka au mtu?" Kisha akasema, "Walete wote. Lakini wakinichafulia mkeka, nitakupigia wewe, simpigii mwalimu." Nikamwambia anipigie tu wakati wowote, hata wasipouchafua.

Kwa hiyo nitabaki peke yangu, na sitakuficha, naogopa. Naogopa saa ile nitakayozima mashine kesho kutwa na kufungua mlango huu, nikute hakuna anayenidai dagaa. Naogopa kuanguka bafuni kama wazee wanavyoanguka. Zaidi ya yote naogopa simu itakayoita usiku kutoka huko kwenu, na naogopa pia isipoita. Hofu hizi ni zangu, sikupi uzibebe. Nimekwenda kwa Mama Anjela nikamwomba awe anagonga mlango wangu asubuhi akienda sokoni, nisipoitika apige kelele. Nilizunguka nyumba yake mara kadhaa kabla ya kubisha, kwa haya. Alicheka mpaka akashika mlango. "Baba Skola, mimi napiga kelele hata bila kuombwa!" Ni kweli, unamjua.

Na wewe fanya hivyo huko. Tafuta mtu mmoja wa kukupigia kelele, mtafute ukiwa mzima, siku huna shida yoyote, umwambie wazi kwamba ndiyo kazi yake. Usione haya. Mimi ilinichukua mpaka mvi. Na ukikutana na mtoto darasani akianguka, wenzake wakikimbia, najua utapiga magoti. Hilo sikukufundisha mimi. Hilo nilijifunza kwako, na bado najifunza.

Wishwa ameinua kichwa na kugeuza masikio barabarani. Mimi sisikii kitu, lakini yeye akifanya hivyo maana yake unakuja. Inabidi nimalize.

Tenga lao nimeshaliandaa, kubwa, la kuwaenea wote wawili wakilala wanavyopenda. Chini nimetandika ile kanga yako ya mashineni, na barua hii naiweka chini ya kanga. Kesho nitalipakata tenga mwenyewe mpaka stesheni, na wewe utakuja nyuma na pikipiki ya begi. Dereva wangu ni yuleyule aliyenipeleka Kivukoni. Najua tukifika njia panda atapunguza mwendo, aniangalie kwenye kioo, aulize kama tusimame.

Hatutasimama. Tenga hili halizungushwi, mwanangu. Nataka waijue njia ya kurudi nyumbani, na wewe uijue.

Mimi baba yako,
Kengele